Shajara ya mradi: maji kwenye oili ya injini ya boti

Jumamosi, mchana

Kijiti cha oili kimetoka na rangi ya chai ya maziwa. Nilikichomoa kabla ya kuwasha, kama kawaida. Hii si oili iliyochoka wala yenye masizi. Ni nzito, imepauka, na imepanda juu ya alama ya mwisho kwa karibu upana wa vidole viwili. Oili haiongezeki yenyewe, kwa hiyo kilichoongezeka ni maji.

Niieleze injini kidogo, maana yote yatakayofuata yanategemea ilivyoundwa. Ni dizeli ya silinda nne, iko ndani ya boti, na inapozwa kwa maji ya aina mbili. Kulanti, yaani maji ya kupozea yaliyotiwa dawa, inazunguka ndani ya bloku na silinda hedi (kifuniko cha juu cha silinda, au hedi kwa kifupi). Maji ya bahari hayafiki huko. Yanavutwa na pampu yenye impela (gurudumu lenye mapezi) ya mpira, yanapita kwenye kipoza-oili, yanapita kwenye kipoza-kulanti, kisha yanamwagwa ndani ya kiwiko cha ekzosi na kutoka nje pamoja na moshi. Pampu yenyewe inazungushwa na gia, imefungwa kwa bolti moja kwa moja kwenye kasha la gia za taimingi, na ndani ya kasha hilo oili inarushwa muda wote injini ikifanya kazi.

Mwenye boti ya jirani alichungulia, akatikisa kichwa. "Gasketi hiyo, bwana. Fungua hedi."

Inawezekana gasketi iliyo kati ya bloku na hedi imevuja. Ila kufungua hedi ni kazi kubwa, na ukishaifungua umeshapoteza nafasi ya kuipima ikiwa imefungwa. Kwanza nataka kujua haya ni maji gani.

Nimefunga koki ya maji ya bahari na kuchomoa waya wa betri, asije mtu akaigusa stata ili "asikie kidogo". Maji hayabanwi. Yakiwa yamejaa juu ya pistoni moja tu, stata ina nguvu ya kutosha kupinda konrodi (fimbo inayoshika pistoni), na hapo tatizo la bei ndogo la sili, kile kizuizi cha kuvuja kwenye shafti, linageuka kuwa injini nzima. Kwa hiyo nimetoa nozeli zote nne za kupulizia dizeli, nikaweka karatasi nyeupe mbele ya kila tundu, kisha nikaizungusha injini kwa spana kwenye bolti ya puli ya mbele, mizunguko kadhaa, taratibu. Pumzi imetoka na harufu ya dizeli, karatasi zikabaki kavu. Silinda hazina maji sasa hivi. Hilo halithibitishi kwamba hayakuwahi kupita humo, ila limeniondolea hofu kubwa.

Jumamosi, jioni

Sampuli. Mrija wa pampu ya mkono nimeusukuma kupitia njia ya kijiti mpaka ukagusa sakafu ya sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini. Hapo ndipo pa kuanzia, kwa kuwa maji ni mazito kuliko oili na yale yasiyochanganyika hukaa chini kabisa. Kilichotangulia kimeingia kwenye chupa ya kioo, kilichobaki kwenye dumu.

Halafu, hata kabla ya kujua chanzo, nimejaza oili mpya ya bei nafuu ya daraja lile lile, nikamimina kidogo juu ya roka (mikono inayosukuma valvu) baada ya kufungua kifuniko cha valvu, nikatia matone kwenye kila silinda na kuizungusha tena kwa mkono. Kama maji haya ni ya bahari, chumvi haisubiri uchunguzi uishe. Beringi, roka na shafti zilizolowa maji ya chumvi huanza kushika kutu ndani ya muda mfupi, na injini iliyokaa wiki nzima na oili ya namna hii mara nyingi hufa kwa kusubiri tu, hata kama tundu lenyewe lilikuwa dogo.

Jumapili asubuhi

Chupa imelala usiku kucha na haijajitenga vizuri. Oili za kisasa za dizeli zina viungo vya kusafisha vinavyoshikilia maji, kwa hiyo mchanganyiko unaweza kukaa hivyo muda mrefu. Nimeizamisha chupa ndani ya sufuria ya maji ya moto, si yanayochemka, nikaiacha. Mpaka saa nne chini kulikuwa na tabaka la maji la upana wa ukucha. Halikuwa na rangi yoyote, na kulanti ya injini hii ni ya kijani.

Rangi peke yake siiamini, kwa sababu kidogo tu cha rangi hupotelea ndani ya oili. Nimechukua vipande vitatu vya kioo. Kwenye cha kwanza nimedondosha maji ya chupa niliyoyanyonya kwa sindano isiyo na ncha, kwenye cha pili maji ya bahari, kwenye cha tatu kulanti kutoka tangi la juu la injini. Vyote vitatu nimevikausha juu ya moto mdogo. Maji ya bahari yana karibu gramu 35 za chumvi kwa lita, kwa hiyo yakikauka huacha ukoko mweupe unaokwaruza ukiupitishia kijiti. Kulanti haikauki hivyo: glaikoli iliyomo huchemka karibu nyuzi 197, maji yakishatoka inabaki utando unaonata. Kioo cha sampuli yangu kimeacha ukoko mweupe wenye madoa ya oili, na umekwaruza.

Ni maji ya bahari.

(Kuna wanaochovya kidole na kuonja. Kulanti nyingi zina ethilini glaikoli, ambayo ni sumu na ladha yake ni tamu, kwa hiyo ulimi hautakuonya. Vipande vya kioo vinatosha.)

Jibu hili limefuta nusu ya orodha. Gasketi ya hedi, hedi iliyopasuka, oringi (pete za mpira) za layina, ile ngozi ya ndani ya silinda: vyote hivyo kwenye injini hii vingeleta kulanti, na tangi la kulanti limejaa mpaka alama yake. Ingekuwa injini inayopitisha maji ya bahari moja kwa moja ndani ya bloku, hoja hii isingesimama na jirani angekuwa na haki yake.

Ili nisibishane naye tena, nimefunga pampu ya kupimia presha mahali pa kifuniko cha tangi na kupandisha hadi baa 0.9, ambayo ndiyo presha iliyoandikwa juu ya kifuniko. Nikaenda kunywa maji na kupanga vifaa. Niliporudi baada ya zaidi ya saa moja, sindano ilikuwa pale pale. Hedi haifunguliwi.

Jumatatu, jioni

Zimebaki njia tatu ambazo maji ya bahari yanaweza kupita: kurudi nyuma kupitia ekzosi, kupenya ndani ya kipoza-oili, au kupita kwenye shafti ya pampu.

Nimeanza na ekzosi kwa sababu ndiyo inayoua injini nyingi zilizozimwa salama na wenyewe wakaenda kulala. Mahali maji yanapoingia kwenye kiwiko pakiwa chini ya usawa wa bahari, au juu yake kidogo tu, maji yanaweza kuendelea kujivuta yenyewe kupitia pampu hata injini ikiwa imezimwa. Yanajaza chungu cha ekzosi (chombo kinachopokea maji na moshi), yanapanda hadi manifoldi (bomba linalokusanya moshi wa silinda zote), yanaingia silinda ambayo valvu yake ya ekzosi imebaki wazi, kisha yanateremka pembeni mwa ringi za pistoni hadi kwenye sampu. Kinga yake ni bomba lililopindwa kwenda juu kabisa, na kwenye kilele chake valvu ndogo inayoingiza hewa ili kukata mvuto huo. Waundaji wengi wa injini hutaka bomba hilo liwepo ikiwa sehemu ya kuingizia maji haiko angalau milimita 150 juu ya usawa wa maji.

Bomba la boti hii lipo. Valvu yake ilikuwa imeziba kwa chumvi iliyoganda. Nilipopuliza hewa kwa mdomo haikupita hata kidogo. Kwa dakika kadhaa nilidhani kazi imekwisha.

Nimefungua kiwiko. Upande wa bahari una kutu na ukoko, jambo la kawaida. Upande wa manifoldi, masizi yalikuwa makavu, meusi, ya unga, bila michirizi, na matundu ya ekzosi ya silinda zote nne yanafanana. Maji ya chumvi yangepita hapo yangeacha njia nyekundu kwenye chuma. Valvu inabadilishwa hata hivyo, kwa sababu ilikuwa inangoja tu siku yake, lakini si yenyewe iliyofanya hili.

Jumatano

Kipoza-oili. Hapa presha ndiyo inayosema. Injini ikifanya kazi, oili iko kwenye baa 3 hadi 4 na maji ya bahari hayafiki hata baa 1, kwa hiyo tundu kwenye mirija ya kipoza husukuma oili kuelekea majini. Ungeona utando wa rangi za upinde juu ya maji yanayotoka ekzosi na oili ikipungua. Injini ikizimwa, presha ya oili inaisha, na kama kipoza kiko chini ya usawa wa bahari na koki iko wazi, maji ndiyo yanayoanza kuingia. Oili iliyopungua safarini na kuongezeka gatini ni dalili ya kipoza karibu kila mara. Daftari langu la injini halionyeshi kupungua kokote, ila daftari si kipimo.

Kuna njia ya kupima bila kufungua kitu: unaweka alama kwenye kijiti, unaacha koki wazi usiku mmoja, unafunga usiku unaofuata, unalinganisha. Inafanya kazi. Sikuona sababu ya kuinywesha injini chumvi zaidi wakati kipoza kinatoka kwa bolti nne na mipira miwili.

Nimeziba tundu moja la upande wa oili, nikaingiza hewa ya baa 4 kwenye lingine, nikakizamisha ndani ya ndoo ya maji ya moto ili chuma kitanuke kama kinavyotanuka kazini. Viputo vichache vya mwanzo vilikuwa hewa iliyonaswa kwenye mapezi. Baada ya hapo, maji yalitulia na yakabaki yametulia. Zinki ya kukinga kutu ndani yake imeliwa zaidi ya nusu, hiyo nimebadilisha.

Alhamisi, usiku

Pampu.

Niieleze ilivyo ndani, maana wengi hubadilisha impela miaka na miaka bila kujua kilichoko nyuma yake. Shafti moja ina impela mwisho mmoja na gia mwisho wa pili. Katikati kuna sili mbili. Ya kwanza inazuia maji yasirudi nyuma, ya pili inazuia oili ya kasha la gia isije mbele. Kati ya sili hizo kuna nafasi ndogo iliyo tupu, na chini ya nafasi hiyo kuna tundu linalotoka nje ya mwili wa pampu. Sili ya maji ikichoka, maji yanadondoka kupitia tundu hilo na unayaona. Sili ya oili ikichoka, unaona oili. Kwenye shafti, katikati ya hizo mbili, kuna kioringi kinachozunguka nayo na kurusha matone pembeni yasitambae hadi sili ya pili. Ni mpango wa busara: haukusudii sili isichoke, unakusudia ikichoka uambiwe.

Kwenye pampu hii tundu silioni. Najua lipo kwa sababu liko kwenye mchoro. Nimesugua chini ya mwili wa pampu kwa brashi ya waya, na rangi ya injini ikaanza kubanduka tabaka kwa tabaka, mpaka kikatokea kiduara kilichojaa rangi iliyokauka, na ndani yake grisi ngumu. Aliyepaka injini rangi huko nyuma alipitisha brashi juu ya kila kitu.

Sikuchokonoa bado. Nimeibana pampu kwenye jiliwa, nikaziba mdomo wa kutolea, nikaunganisha mpira kwenye mdomo wa kuingizia na kuinua mwisho wake karibu mita moja juu ya meza, nikaujaza maji. Mita moja ya maji ni sehemu ya kumi tu ya baa, chini ya ile inayopata kazini. Kisha nikaanza kuizungusha gia kwa vidole, huku nimeshika taa.

Mzunguko wa kwanza na wa pili, hakuna kitu. Halafu chuma kilicho nyuma ya gia, pale shafti inapotokea kwenye uso unaobanwa na kasha la taimingi, kikaanza kung'aa. Unyevu ukakusanyika upande wa chini, ukawa tone, likaning'inia, likadondoka mezani. Nikizungusha, linakuja lingine. Hayo ni maji yanayotokea upande wa oili.

Sasa nikachukua waya wa shaba na kulichokonoa lile tundu. Ikatoka nta ya kijivu, ikafuata chembe za rangi, kisha maji yakaruka hadi kwenye mkono wangu. Nikaikausha pampu kwa kitambaa na kurudia kila kitu kama mwanzo. Safari hii maji yalidondoka kwenye tundu, kwa mpangilio, na upande wa gia ukabaki mkavu kwa muda wote niliokuwa na subira ya kuzungusha.

Sababu ni mwelekeo wa sili. Mdomo wa sili ya oili unaelekea kwenye oili, kwa hiyo presha ya upande huo ndiyo inayoubana kwenye shafti. Maji yakija kutoka mgongoni, yanauinua mdomo huo na kupita. Sili yenyewe haina kasoro. Haikuundwa kwa kazi hiyo, kazi hiyo ilikuwa ya tundu.

Ijumaa

Nimetoa shafti. Pale mdomo wa sili ya maji ulipokuwa unakaa kuna mfereji unaokamata ukucha nikiupitisha. Sili mpya juu ya mfereji huo ingevuja tena mapema. Wapo wanaoisogeza sili kidogo ili mdomo ukae juu ya chuma kizima, au kuvika shafti bangili nyembamba ya chuma. Zote ni njia halali ukiwa mbali na vipuri. Mimi nimeweka shafti mpya, beringi mpya, sili mbili na kioringi. Spiringi ya sili ya maji inaelekea impela na iwe ya chuma kisichoshika kutu. Ya sili ya oili inaelekea gia. Beringi za zamani zilikuwa na mchezo mdogo wa kwenda pembeni, na huenda ndizo zilizoanza kuila sili.

Tundu linaelekea chini, wazi, na nimelizungushia duara la rangi nyekundu ili mwenye brashi ajue. Chini yake nimeweka kisahani kidogo, maana tone linalodondoka ngamani (chini kabisa ya boti) moja kwa moja hakuna atakayeliona.

Jumamosi iliyofuata

Kusafisha. Nozeli bado ziko nje. Nimebadilisha filta, nikazungusha kwa stata mpaka taa ya presha ya oili ikazimika. Koki ya bahari ilikuwa imefungwa wakati huo na impela imepakwa gliserini: kupiga stata kwa muda mrefu bila injini kushika hujaza chungu cha ekzosi maji ambayo hayana moshi wa kuyasukuma nje, na hapo unajitengenezea kwa mikono yako lile tatizo la Jumatatu.

Nozeli zimerudi, koki imefunguliwa, injini imewashwa. Nimeiacha kwenye mzunguko wa chini bila mzigo, dakika chache tu, mpaka sampu ikawa vuguvugu kwa mkono. Oili yenye maji haishiki utando kati ya shafti na beringi, kwa hiyo gia ya boti haiguswi katika hatua hii. Zima, nyonya yote ikiwa bado vuguvugu, filta mpya, oili mpya, rudia. Kuna wanaochanganya dizeli ili ioshe vizuri. Siipendi, kwa sababu inapunguza uzito wa oili hapo hapo beringi zinapoihitaji zaidi.

Oili ya mwanzo ilirudi imepauka. Iliyofuata ilikuwa na ukungu. Usiangalie kijiti peke yake katika hatua hii, kwa sababu njia yake hubaki na utando mweupe hata sampu ikiwa safi. Kipimo changu ni sahani ya chuma iliyopashwa moto hadi karibu nyuzi 150: tone la oili kavu linatandaa kimya, lenye maji linachachatika. Vaa miwani. Nimeendelea kubadilisha mpaka tone likakaa kimya.

Jumapili

Injini imefanya kazi ikiwa na mzigo, boti imefungwa gatini kwa kamba za tezi na omo, mpaka kulanti ikafika nyuzi 80 na kukaa hapo kwa muda mrefu. Joto hilo ndilo linalofukuza unyevu uliobaki kupitia bomba la pumzi ya injini. Baadaye chini ya kifuniko cha kujazia oili nimekuta utando mwembamba wa malai. Huo peke yake haunitishi. Injini inayowashwa kidogo kidogo bila kupata joto hutengeneza utando kama huo kwa mvuke wake yenyewe. Kinachohesabika ni usawa wa oili, na haujasogea. Kisahani cha chini ya pampu ni kikavu.

Filta ya kwanza nimeikata na kuitandaza karatasi yake juani. Nilikuwa natafuta vumbi la shaba au risasi kutoka kwenye beringi. Kuna masizi na chembe chache za kutu, hakuna kinachong'aa.

Sampuli moja ya oili ya sasa naipeleka maabara kupimwa sodiamu, magneziamu na metali za beringi. Sodiamu ikirudi ikiwa juu na magneziamu nayo ikiwa juu, bado kuna maji ya bahari yanayopata njia, na kitakachorudi mezani ni kipoza-oili, kwa sababu nilikipima kwenye ndoo iliyotulia na si kwenye injini inayotikisika. Mpaka majibu yaje, koki inafungwa kila injini inapozimwa.